Weka Chini Hilo Bomba

Nati ikigoma, agizo ni moja, kuanzia gereji za chini ya mwembe hadi uani kwa mtu anayebadilisha pedi za breki mwenyewe Jumamosi asubuhi: leta bomba. Linaletwa bomba la maji la chuma, la mita moja au zaidi, linavishwa kwenye mkia wa spana. Wawili wanavuta, wa tatu anakanyaga, na anayeshauri kusubiri anaambiwa hana mikono ya kazi. Kisha unasikika mlio mkavu. Kwa sekunde mbili tatu watu wanafurahi wakidhani nati imelegea, mpaka mmoja anapoinama na kukuta kichwa cha bolti kimebaki ndani ya soketi na shina lake limebaki ndani ya injini.

Napinga desturi hii, na sipingi nusunusu. Dhana kwamba nati iliyoshika ni mpinzani wa kushindwa kwa nguvu ndiyo inayogeuza kazi ya saa moja kuwa kazi ya siku tatu. Wanaoitetea si watu wa kudharauliwa. Wengi ni mafundi waliosomesha watoto kwa jasho lao, na vijana waliojifunza kwa kuwatazama. Lakini katika hili wamekosea, na gharama ya kosa hulipwa na mwenye gari.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba bomba linafanya kazi. Na kweli, kuna siku linafanya kazi, hasa kwenye nati kubwa za magurudumu na za ekseli, ambazo zina unene wa kuhimili. Tatizo ni kwamba ushindi wa kwenye nati kubwa umegeuzwa kuwa sheria kwa kila nati. Tupige hesabu. Chukua bolti ya shina la milimita 8, ile inayofunguliwa kwa spana namba 12 kwenye magari mengi ya Kijapani na namba 13 kwenye ya Ulaya. Ikiwa ni ya daraja la 8.8, kiwango cha kimataifa kinaidai ihimili msokoto usiopungua Nm 33 kabla haijakatika. Nm 1 ni sawa na uzito wa gramu 100 hivi ulioning'inizwa mwishoni mwa mkono wa mita moja. Kwa spana ya sentimita 30, basi, Nm 33 ni kuvuta kwa kilo 11 hivi, uzito ambao mtoto wa darasa la saba anaubeba kutoka bombani bila kulalamika. Bolti ya milimita 10, ya spana namba 14, kiwango chake ni Nm 66. Sasa mtu wa kilo 70 akisimama mwishoni mwa bomba la mita moja anatoa karibu Nm 690, zaidi ya mara kumi ya kile ambacho bolti hiyo imehakikishiwa kukihimili.

Kwa hiyo bomba haliiambii bolti igeuke. Linaisokota mpaka kitu kiachie, na kinachoachia ni kile kilicho dhaifu kuliko vyote. Kama kutu imeshika hesi kwa nguvu kuliko chuma cha shina chenyewe, shina ndilo litakalokatika. Hapa msuli hauna hoja. Ukiwa na nguvu za watu kumi utaikata bolti mapema zaidi, basi.

Swali linalopaswa kuulizwa mbele ya nati iliyogoma ni hili: kimeishika nini? Katika kukaza bolti ya kawaida, takriban nusu ya nguvu ya mkono humezwa na msuguano chini ya kichwa, asilimia 40 hivi humezwa na msuguano wa hesi, na asilimia 10 tu ndiyo inayoibana kazi. Hivyo ndivyo ilivyo hata bolti ikiwa mpya na safi. Ikipata kutu, msuguano huo unapanda maradufu, kwa sababu kutu hujaza nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Ule upenyo mdogo kati ya meno ya bolti na meno ya nati unajaa unga mgumu unaosukuma pande zote. Mwenye bomba anapambana na msuguano kwa kuongeza nguvu juu yake. Njia ya busara ni kuupunguza huo msuguano kwanza, halafu kufungua kwa nguvu ya kawaida ambayo bolti inaihimili.

Kwa wakazi wa pwani jambo hili si la nadharia. Gari linalolala Tanga, Mombasa, Unguja au Kigamboni hupumua chumvi usiku na mchana. Chumvi na unyevu vikiingia kati ya bolti ya chuma na kipande cha alumini, kama ilivyo kwenye hedi ya injini au kasha la gia, alumini huliwa na kuacha unga mweupe unaoshika kama saruji. Tena magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, na yaliyotoka upande wa kaskazini, Hokkaido na jirani zake, yamepitia majira ya baridi ambapo barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Mtu ananunua gari lenye rangi inayong'aa, akilala chini yake anakuta bolti za bushi zimekuwa kahawia na kuvimba. Kutu ya namna hiyo imejijenga kwa miaka kumi. Kuitaka iachie kwa dakika kumi kwa sababu tu mikono ni mingi ni kutoielewa.

Hatua ya kwanza ni ya mtu mvivu, nami naisifu bila haya: brashi ya waya na mafuta ya kupenya, jioni ya siku ya kabla. Piga brashi meno yaliyo wazi mpaka chuma kionekane, pulizia, gonga kichwa cha bolti mara kadhaa kwa nyundo ndogo ili mtikisiko uifungulie mafuta njia, pulizia tena, nenda kalale. Asubuhi rudia. Mafuta hupenya taratibu katika nyufa nyembamba, na hakuna anayeweza kuyahimiza. Hapa niseme neno kuhusu vinavyomiminwa kwenye nati zetu. Soda ya Coca-Cola ina asidi, lakini ni hafifu mno kwa kazi hii, na sukari yake huacha utando wa kunata. Mafuta ya breki hula rangi ya gari. Dizeli na mafuta ya taa husaidia kidogo pale pasipo na kingine. Hata kopo maarufu la WD-40 lilibuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kwa kazi ya kufukuza maji ili chuma kisipate kutu, na halikulengwa kwa nati iliyokwisha kushika. Litumie kama ndilo ulilo nalo. Ila dukani ukikuta kopo lililoandikwa mahsusi kuwa ni la kupenya kutu, chukua hilo.

Hatua ya pili ndiyo inayowaudhi wapenzi wa bomba kuliko zote: kaza kwanza. Ndiyo, ielekeze nati upande wa kukaza, kidogo tu, kiasi cha kusikia imesogea unywele mmoja. Kutu imejengeka ikiwa imetulia mahali pamoja, na msogeo wowote, wa upande wowote, unaivunja. Ikishavunjika, legeza robo mzunguko, rudisha, pulizia, legeza tena. Ukihisi ugumu unaongezeka, usisonge mbele. Rudi nyuma, unga utoke. Anayelazimisha kwenda upande mmoja tu anausukuma ule unga mbele ya meno mpaka unakuwa kabari, na bolti iliyokwisha kulegea nusu inakwama upya na kukatika. Nimeona bolti nyingi zikikatika katika hatua hii, baada ya kusogea, wakati mtu anaamini vita vimekwisha.

Kisha moto. Kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu katika gereji zetu, ningeondoa bomba na kuweka tochi ndogo ya gesi mahali pake. Chuma kinatanuka kwa takriban sehemu 12 kati ya milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukiipasha moto nati ya tundu la milimita 10 kwa nyuzi 300, tundu lake linapanuka kwa karibu sehemu 4 kati ya 100 za milimita. Jichoni ni kama si kitu, lakini kwenye meno yaliyobanwa na kutu inatosha kupasua unga na kuacha njia. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo bolti ya chuma iliyo ndani ya alumini huachia vizuri zaidi ukipasha moto ile alumini inayoizunguka. Kanuni ni kupasha kilicho nje, yaani nati au tundu, wala si bolti. Pale ambapo huwezi kufikia chochote ila kichwa cha bolti, kipashe, kiache kipoe kabisa, ndipo ujaribu. Kutanuka na kusinyaa kutakuwa kumeisaga kutu. Nati ikiwa ya moto, iguse kwa mshumaa: nta inayeyuka na kufyonzwa ndani ya meno, nayo inalainisha vizuri.

Moto una masharti yake, na fundi asiyeyajua asiwashe. Usipashe karibu na bomba la petroli, mpira wa breki, tairi, wala shokapu, ambazo nyingi zina gesi iliyobanwa ndani. Usipashe mahali palipotoka kusafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini, maana joto huigeuza kuwa gesi ya sumu. Futa mafuta uliyopulizia kabla ya kuwasha. Na bolti ya daraja la 8.8 iliyopashwa mpaka ikawa nyekundu imepoteza ugumu wake. Usiirudishe kwenye breki au usukani, nunua mpya. Plagi kwenye hedi ya alumini nazo zina kanuni yao: subiri injini ipoe, sogeza kidogo, tia mafuta, rudisha, endelea. Nayasema haya kwa sababu nimesikia wakisema moto ni hatari kuliko bomba. Moto una hatari zinazojulikana na zinazoepukika. Bomba huwezi kulizuia baada ya bolti kukatika, likiwa limebeba uzito wako wote na vifundo vya mikono yako vikielekea kwenye ukingo wa chasisi.

Tena kuna hatari kubwa kuliko vifundo. Gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, au kwa jeki na jiwe, linatikiswa na watu wawili wanaovuta bomba la mita moja. Jeki inaegemea, inateleza. Yule aliye chini akimulika tochi hana nafasi ya kutoka. Sielewi jinsi jambo hili linavyoonekana la kawaida mtaani. Nati za magurudumu hulegezwa tairi likiwa bado linagusa ardhi, na kazi ya chini ya gari hufanywa gari likiwa limekaa kwenye stendi za chuma juu ya sakafu ngumu. Kama nati inadai nguvu ya kulitikisa gari zima, hiyo ni ishara ya kusimama na kubadilisha njia.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, kuna jambo dogo linaloua nati nyingi kabla kutu haijaulizwa lolote: spana isiyokaa. Soketi ya pembe 12 hugusa nati karibu na kona zake. Nati ikiwa na kutu, kona hizo zinamong'onyoka na kichwa kinakuwa mviringo. Soketi ya pembe 6 inakaa kwenye ubapa na kugawanya nguvu. Tofauti ya bei ni ndogo, tofauti ya matokeo ni kubwa. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, isikaribie kabisa nati iliyoshika. Skrubu za msalaba zinazoshikilia diski za breki kwenye magari mengi ya Honda nazo zinaharibiwa kila siku kwa sababu bisibisi ya msalaba tuliyoizoea ina umbo la Phillips, wakati skrubu hizo ni za kiwango cha Kijapani ambacho msalaba wake ni tofauti kidogo. Ncha ya Phillips haifiki chini, inapanda, inakula msalaba, kisha lawama inapewa kutu. Zana ya hapo ni ncha sahihi kwenye bisibisi ya kugonga, ile ambayo kila pigo la nyundo linaizungusha kidogo huku likiikandamiza ndani. Na dramu za nyuma za Toyota zinazopigwa nyundo mpaka zinapasuka zina matundu mawili yenye hesi usoni: ingiza bolti mbili za milimita 8, zikaze kwa zamu, dramu inasukumwa nje yenyewe. Waliolisanifu gari waliliona tatizo na wakaacha suluhisho pale pale. Sisi tunapita juu yake na nyundo ya kilo tano.

Hoja yao ya pili ni muda. Fundi ana magari manne yanasubiri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Naielewa. Lakini muda wa kusubiri mafuta yapenye si muda wa kazi. Fundi anaendelea na gari jingine. Muda wa kweli unapotea baada ya kukata. Shina lililobaki ndani ya hedi linataka kutobolewa katikati kabisa, kwa keekee iliyoshikwa wima, mahali ambapo mkono wenyewe hauingii. Mtu akichukua kile kifaa cha kutolea mashina, chenye hesi za kinyume, akakilazimisha kwa nguvu ile ile iliyomwangusha mwanzo, kinakatikia ndani, na chuma chake ni kigumu kiasi kwamba keekee ya kawaida haikigusi. Stadi moja ya manifoldi ya egzosi inaweza kudai hedi ishushwe, gasketi mpya inunuliwe, na gari lilale gereji. Huo ndio muda uliookolewa na bomba.

Na angalieni jinsi shina hilo linavyookolewa na fundi mzuri wa kuchomelea. Anaweka nati juu ya kipande kilichobaki, anaichomelea humo kupitia tundu lake, anasubiri wekundu ufifie, kisha anazungusha kwa spana ya kawaida, nacho kinatoka kwa utulivu ambao watu watatu na bomba hawakuupata. Bolti ni ile ile, kutu ni ile ile. Kilichoongezeka ni joto. Fundi huyo amethibitisha hoja yangu kila siku ya kazi yake, na bado jirani yake wa gereji anaendelea kuvuta bomba.

Wengine hunijibu kwa mashine ya upepo ya kufungulia nati: mbona ile ni nguvu tupu na inafungua kila kitu? Mashine ile haivuti mfululizo, inagonga. Kila pigo ni fupi na kali, linaitikisa kutu na kuachia kabla shina halijasokoteka sana. Ni kazi ile ile ya nyundo ndogo niliyoisema mwanzo, kwa kasi kubwa. Hata hivyo bolti nyembamba inazikata vilevile, na ndiyo chanzo cha nati nyingi za magurudumu zisizofunguka barabarani usiku. Toyota huelekeza Nm 103 kwa nati za magurudumu za magari yake mengi madogo. Kwa fundi tairi, mashine inaachwa inagonga mpaka ichoke, au kijana anarukia wilispana. Kisha mwenye gari anapata pancha njiani, na wilispana ya kwenye buti inajikunja mkononi mwake. Wale wale wanaotuambia nati hudai nguvu ndio walioikaza kupita kiasi.

Kukata kwa makusudi, hata hivyo, ni halali. Nati iliyokwisha kuliwa na kutu hadi haina pembe, kwenye bolti inayopatikana katika maduka ya vipuri ya Gerezani au Grogan kwa bei ya kawaida, ikatwe kwa grainda au ipasuliwe kwa tindo, na mpya iwe tayari mezani. Tofauti ni kwamba huo ni uamuzi uliopangwa. Pia kabla ya kuhukumu kwamba nati imeshika, hakikisha unaizungusha upande wake: malori mengi ya zamani ya Kijapani yana nati za magurudumu ya kushoto zinazofunguka kwa kuzungushia kulia, na yapo yaliyokatwa stadi zote kwa kukosa kulijua hilo.

Wakati wa kufunga, safisha meno kwa brashi, paka grisi ya shaba kidogo kwenye bolti za egzosi na za chini ya gari, acha stadi za magurudumu zikiwa kavu isipokuwa kitabu cha gari kimesema vingine, na kaza kwa spana ya kupimia kama unaweza kuazima. Atakayefungua miaka mitano ijayo huenda ni wewe mwenyewe.

Kwa wewe unayetaka kubadilisha pedi za breki Jumamosi hii: Ijumaa jioni chuchumaa kando ya gurudumu, tafuta bolti za mabano ya kalipa kwa nyuma, zipige brashi, zipulizie mafuta, na uhakikishe hayagusi diski wala pedi. Nunua soketi ya pembe 6 ya namba 14 na ya namba 17. Bomba la maji mrudishie fundi bomba.